Waya na Malaika: Historia ya Elektrodi za Kunasa Vumbi la Viwandani kwa Umeme

Jina na jambo

Neno kaharabu limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani, nalo hutaja utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, wenye rangi ya asali, ambao hufanywa shanga na mapambo. Asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo maana yake ni mnyakuzi wa majani makavu. Waliolipa jiwe hilo jina hilo walikwisha kuona kwamba likisuguliwa kwa kitambaa huvuta vijiti na manyoya. Wayunani waliliita elektron, na kutokana na neno lao Mwingereza William Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1600 juu ya sumaku, aliunda neno la Kilatini lililokuwa chimbuko la jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya. Waarabu wa siku hizi huuita umeme kahraba. Kiswahili kilishika njia nyingine: kilitazama mbinguni, kikachukua jina la mmweko wa radi.

Majina hayo mawili yanataja tabia mbili tofauti za kitu kimoja. Kaharabu ni mvuto wa kimya. Umeme ni mmweko na mpasuko. Historia inayosimuliwa hapa ni ya mtambo ambamo tabia hizo mbili zimefungwa nira moja: mmweko mdogo, usiokatika, huyatia mavumbi chaji ya umeme, kisha mvuto huyakokota hadi mahali pa kukusanywa. Mtambo huo huwekwa baina ya tanuri na dohani, katika viwanda vya saruji, vya kuyeyushia madini na vya kufua umeme kwa makaa ya mawe, ili moshi utokao nje uwe umekwisha kuacha vumbi lake ndani.

Kiini chake ni elektrodi mbili. Ya kwanza ni ya kumwagia umeme, nayo yapasa kuwa nyembamba au yenye ncha. Ya pili ni ya kukusanyia, nayo yapasa kuwa pana na laini. Elektrodi mbili zenye umbo moja, zikielekezana, hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa nguvu za umeme zitaenea sawasawa baina yake, na zikizidi zitaruka kwa cheche moja na kazi itasimama. Lakini moja ikiwa nyembamba kama waya, nguvu husongamana kuizunguka, hewa iliyo karibu nayo huvunjika na kutoa mwanga wa zambarau uitwao korona, yaani taji, na hewa iliyo mbali hubaki nzima. Elektroni zitokazo katika taji hilo hunata juu ya chembe za gesi, zikawa ioni. Ioni hunata juu ya vumbi. Na vumbi, likiisha kupata chaji, huenda kwenye sahani. Kwa hiyo siri ya mtambo imo katika kutolingana kwa maumbo. Ilichukua karibu miaka 90 tangu jambo hilo kuonekana mara ya kwanza hadi likafanya kazi sawasawa katika kiwanda kikubwa, na sababu ya kukawia huko ndiyo yenye mafunzo.

Majaribio ya kwanza

Mwaka 1824 mwalimu mmoja wa Leipzig, Ujerumani, jina lake Hohlfeld, alionyesha kwamba moshi uliofungiwa ndani ya chupa ya kioo hutulia na kutoweka upesi ikiwa waya wenye ncha, uliotiwa umeme, umetumbukizwa ndani yake. Mwaka 1850 Guitard alipata matokeo kama hayo kwa moshi wa tumbaku. Wote wawili hawakufuatwa na mtu. Wakati ule moshi wa viwanda ulikuwa ukihesabiwa kuwa dalili ya neema, na umeme mwingi wa kudumu haukupatikana popote. Basi jambo lenyewe likabaki kuwa mchezo wa darasani.

Aliyelifufua bila kujua habari za wale wa kwanza ni Oliver Lodge, profesa wa fizikia huko Liverpool. Katika miaka ya 1883 na 1884 alikuwa akichunguza kwa nini vumbi hukimbia vitu vyenye moto, na katika uchunguzi huo akaona kwamba ncha yenye umeme husafisha moshi kwa haraka ya ajabu. Alilitangaza jambo hilo mbele ya wataalamu waliokutanika Montreal, Kanada, mwaka 1884, akitumaini kwamba siku moja hata ukungu wa miji na bandari ungeweza kuondolewa kwa njia hiyo.

Habari hizo zilimfikia Alfred Walker, msimamizi wa kiwanda cha kuyeyushia risasi huko Bagillt, kaskazini ya Wales. Moshi wa risasi ni sumu, tena ni mali: kila wingu lililopanda dohani lilikuwa risasi iliyopotea. Mwaka 1885 mtambo ukajengwa huko, wenye ncha za chuma za kumwagia umeme, ukiendeshwa na mashine za Wimshurst ambazo sahani zake za kioo zilikuwa na upana wa futi 5. Matumaini yalikuwa makubwa, na kushindwa kukawa kamili.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilionekana mara: mashine ya Wimshurst hutoa umeme wa nguvu nyingi lakini kidogo sana kwa wingi, na unyevu kidogo wa hewa huudhoofisha. Ya pili haikueleweka mpaka miaka mingi kupita. Vumbi la risasi ni jembamba mno, na likikauka halipitishi umeme kwa urahisi. Likiisha kutanda juu ya sahani, chaji yake hukosa njia ya kupita, hulimbikana, na mwisho hupasua tabaka la vumbi lenyewe, likamwaga umeme kinyume na kuharibu kazi yote. Walker na Lodge walikuwa wamechagua, bila kujua, mojawapo ya mavumbi yaliyo magumu kuliko yote. Msiba wa Bagillt haukuwa wa wazo ovu, bali wa wazo jema lililojaribiwa mahali pabaya, kwa chombo dhaifu. Lakini watu wa viwanda hawapambanui hivyo. Jina baya likashika, na kwa miaka 20 jambo hilo lilionekana kuwa limekwisha.

Jioni ya Cottrell

Frederick Gardner Cottrell alizaliwa Oakland, California, mwaka 1877. Baada ya masomo yake ya kwanza Berkeley alikwenda Ujerumani, akapata shahada ya udaktari Leipzig mwaka 1902, katika mji uleule wa Hohlfeld, kisha akarudi kufundisha kemia ya kifizikia katika Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1906 alikuwa akishughulika na tatizo la kiwanda cha baruti kilichokuwa Pinole, kando ya Ghuba ya San Francisco. Kiwanda hicho kilitengeneza asidi ya salfuri, yaani asidi itokanayo na ile salfa ambayo wauza dawa wa pwani waliijua kwa jina la kibiriti upele. Katika kazi hiyo ukungu mweupe wa asidi ulitoka usioshikika. Cottrell alijaribu kwanza kuukamata kwa kuuzungusha kwa kasi, akaona haufai. Ndipo alipolirudia jaribio la Lodge.

Yeye alikuwa na kitu ambacho Lodge hakuwa nacho. Umeme wa majiji ulikuwa umekwisha kufika, na transfoma ziliweza kuupandisha hadi maelfu ya volti. Kasoro ni kwamba umeme huo huenda na kurudi, na vumbi lisukumwalo huku na huku haliendi popote. Cottrell alitumia kifaa cha kuzunguka, kilichofungamana na mwendo wa umeme wenyewe, ili kuchukua nusu ya kila pigo na kuielekeza upande mmoja. Tena akaona kwamba elektrodi ya kumwagia ikiwa upande wa hasi hustahimili volti nyingi zaidi kabla ya cheche kuruka. Hivyo akapata umeme mwingi, wa kudumu, wa upande mmoja.

Palibaki suala la elektrodi. Ncha za chuma zilitoa mwanga mahali pachache tu, kisha zikarusha cheche. Jioni moja, giza lilipoanza kuingia, Cottrell aliona jambo asilolitazamia. Waya uliochukua umeme kutoka mashine hadi elektrodi ulikuwa umevikwa nyuzi za pamba, nao, ingawa ulikuwa mbali na kitu chochote cha upande wa pili, uling'aa kwa mwanga wa zambarau sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Waya ulio uchi haukufanya hivyo. Alielewa mara: kila unyuzi wa pamba uliochomoza ulikuwa ncha ndogo, na unyevu kidogo uliomo ndani yake ulitosha kupitisha umeme. Pale fundi alipokuwa akitafuta ncha kumi za chuma, kitambaa kilimpa maelfu.

Aliiita elektrodi hiyo kwa neno la Kilatini litumiwalo na wataalamu wa mimea kwa majani yenye manyoya laini. Kiswahili kina neno la jambo hilo tangu zamani, nalo ni zuri kuliko la Kilatini: malaika, yaani vile vinyweleo laini vya mwilini. Elektrodi ya Cottrell ilikuwa waya wenye malaika. Kwa kuwa pamba huliwa na asidi na huungua kwa joto, kiwandani aliweka badala yake nyuzi za asbesto au vipande vya ulanga. Hataza yake ya Marekani ilitolewa tarehe 11 Agosti 1908.

Wakulima na dohani

Haikuwa bahati tupu kwamba elimu hiyo ilihitajiwa wakati huo. Ng'ambo ya maji, katika wilaya ya Solano, wakulima na wenyeji wa Benicia walikuwa wamekishtaki kiwanda cha Selby kilichoyeyusha risasi na kutenganisha dhahabu na fedha kwa asidi iliyochemshwa. Walisema kwamba moshi wake uliua mazao na mifugo yao, na mahakama ikawasikiliza. Cottrell aliitwa mwaka 1907. Katika ule ukungu mweupe wa vyungu vya asidi mtambo wake ulifaulu waziwazi: umeme ulipofunguliwa, wingu lililotoka dohani lilipotea machoni pa watazamaji, ulipofungwa, likarudi.

Lakini ushindi huo ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana Balaklala, kaskazini ya California, ambako shaba iliyeyushwa. Mtambo uliojengwa huko mwaka 1910 ulinasa sehemu kubwa ya vumbi. Hata hivyo gesi ya salfa, ambayo si vumbi wala ukungu, ilipita katikati ya elektrodi kama hewa ipitavyo katika wavu wa samaki. Wakulima waliendelea kulalamika, na mwaka 1911 kiwanda kikafungwa. Tofauti baina ya vumbi na gesi, ambayo katika mazungumzo hufichwa na neno moja la moshi, ilikuwa hapo tofauti baina ya kiwanda kilichoishi na kilichokufa.

Waya mwembamba

Hatua iliyofuata ilifanywa Riverside, kusini ya California, ambako kiwanda cha saruji kilikuwa kimezungukwa na mashamba ya michungwa. Vumbi la saruji likitua juu ya majani yenye umande huganda. Wenye mashamba walikwenda mahakamani, na kazi ya kutafuta dawa ikamwangukia Walter Schmidt, mmoja wa wanafunzi wa Cottrell. Gesi za tanuri za Riverside zilikuwa na joto la zaidi ya sentigredi 400. Malaika ya aina yoyote yasingedumu humo. Schmidt aliyaondoa yote. Aliweka waya mtupu, mwembamba, ulionyooka, akaupandishia volti zaidi kuliko alizotumia Cottrell. Taji la zambarau likatokea sawasawa bila unyuzi wowote. Mtambo huo ulikuwa ukifanya kazi mwaka 1912.

Kwa nini waya mtupu ulishindwa kwa mwalimu na kufaulu kwa mwanafunzi? Jibu lilikuja katika hesabu za Frederick Peek, aliyepima korona za nyaya za umeme mkubwa. Hewa ya kawaida huvunjika kwa nguvu ya volti 30,000 hivi kwa kila sentimita, na karibu na waya mwembamba huhitaji nguvu zaidi. Lakini kadiri waya unavyokuwa mwembamba ndivyo nguvu hiyo inavyofikiwa juu ya ngozi yake kwa volti chache. Hivyo wembamba wa waya na wingi wa volti vyaweza kufanya kazi ya nyuzi. Malaika yalikuwa dawa ya umeme dhaifu. Mashine zilipoimarika, dawa haikuhitajiwa tena.

Riverside ilitoa na kichekesho chake. Vumbi lililonaswa lilikuwa na potasi, na vita ya mwaka 1914 ilipoziba njia ya potasi ya Ujerumani, vumbi hilo likawa na soko la mbolea. Kilichoshtakiwa kwa kuharibu miti kiliuzwa ili kuistawisha.

Kuhusu mali itokanayo na hataza, Cottrell alifanya jambo lisilo la kawaida. Yeye na wenzake waliitoa, akaipeleka kwanza kwa taasisi ya Smithsonian; na kwa kuwa taasisi hiyo haikuona vema kufanya biashara yenyewe, likaundwa shirika jipya mwaka 1912, Research Corporation, ambalo faida yake yote ilikuwa ya kusaidia utafiti. Fedha zake zilimsaidia baadaye Ernest Lawrence katika mashine yake ya kuvunjia atomu huko Berkeley. Cottrell alifariki mwaka 1948, bila kuwa tajiri. Nchini Uingereza wana wa Lodge nao walianzisha kampuni mwaka 1913, na mwaka 1922 majina ya Lodge na Cottrell yakaunganishwa katika kampuni moja: aliyeshindwa Bagillt na aliyefaulu California.

Sahani na hesabu yake

Hadi hapo mafundi walijenga kwa kukisia. Mwaka 1922 Mjerumani Walther Deutsch alitoa kwa hoja za fizikia kanuni ambayo Evald Anderson alikuwa ameiona kwa majaribio miaka michache kabla. Kanuni hiyo yasema kwamba kila eneo la sahani hunasa fungu lilelile la vumbi lililobaki, si kiasi kilekile. Sahani za kwanza zikinasa 90 katika kila 100, za pili zilizo sawa nazo zitanasa 90 katika kila 100 ya yale 10 yaliyosalia. Jumla ni 99. Za tatu zitafikisha 99.9. Basi kila hatua ya usafi hugharimu kama ile iliyotangulia, na huleta vumbi dogo kuliko lile la kwanza. Mjadala wote wa wenye viwanda na watunga sheria juu ya kiasi cha usafi kinachodaiwa umesimama juu ya kanuni hiyo fupi.

Mwaka 1923 mtambo wa namna hiyo ulitumiwa mara ya kwanza kwa jivu la makaa yaliyosagwa, katika kituo cha umeme cha Trenton Channel karibu na Detroit. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote. Ndani yake ule ugonjwa wa Bagillt ulitokea tena, na safari hii ulipatiwa jina na kipimo. Vumbi ambalo ukinzani wake wapita kiasi cha omu-sentimita 20,000,000,000 huanza kumwaga umeme kinyume. Baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, vituo vingi viligeukia makaa yenye salfa kidogo ili kupunguza gesi. Mara jivu lao likawa gumu kunaswa, kwa sababu ni ile salfa iliyokuwa ikilainisha ngozi ya vumbi na kulipitishia umeme. Dawa iliyopatikana ni kunyunyiza kiasi kidogo sana cha salfa iliyounguzwa ndani ya gesi. Iliyofukuzwa mlangoni ikaingizwa dirishani.

Kurudi kwa ncha

Waya wa Schmidt ulitawala Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Kawaida yake ulikuwa mnene wa milimita 2.7 hivi, ukining'inia baina ya sahani kwa uzito wa chuma mfano wa timazi ya mwashi. Kasoro yake ni uhai mfupi. Cheche huula, kutu huupunguza, na kuyumbayumba huuchosha. Na waya mmoja ukikatika ukaegemea sahani, chumba kizima hupoteza umeme mpaka mtambo usimamishwe. Mafundi wa Ulaya walipendelea kuufunga waya katika fremu ngumu, wakaupa maumbo mbalimbali: wa pembe nne, wa nyota, wa mzunguko kama springi. Baadaye yakaja mabomba na mihimili isiyokatika, iliyopandwa miiba ya chuma.

Hapo historia ilirudi ilikoanzia. Waya laini una shida palipo na vumbi jembamba jingi, yaani penye mlango wa mtambo: wingi wa chaji iliyoshikwa na vumbi lenyewe hulizima taji. Miiba hustahimili, kwa kuwa kila ncha hukusanya nguvu mahali padogo. Ule mwiba wa chuma ni malaika ya Cottrell yaliyoota upya, magumu na ya kudumu, katika mtambo wenye volti ambazo yeye hakuwa nazo.

Sahani nazo zilibadilika. Ubapa mtupu ulionekana kuwa na kasoro: nyundo zipigapo ili kuangusha vumbi, sehemu yake hupeperuka tena na gesi. Kwa hiyo sahani zikakunjwa kingo na kutiwa mabonde ambamo gesi hutulia. Nafasi baina ya sahani, iliyokuwa inchi 9 kwa kawaida, ilipanuliwa hadi inchi 12 na hata 16 katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, umeme wa volti nyingi ulipoweza kuongozwa vizuri zaidi. Kwa hewa ya majumbani Gaylord Penney alikuwa amebuni katika miaka ya 1930 mtambo wa vyumba viwili, cha kwanza cha kutia chaji na cha pili cha kukusanya, akitumia korona ya chanya kwa sababu hutoa ozoni kidogo.

Hitimisho

Kuoka mawe ya chokaa pamoja na udongo, kazi iliyofanywa Riverside, ndiyo iliyofanywa Bamburi tangu mwaka 1954 na Wazo Hill tangu mwaka 1966, na vumbi lake ni la jamaa moja na lile la michungwa ya California. Leo mifuko ya kitambaa hushindana na umeme katika viwanda vingi, na vituo vya makaa vyafungwa katika nchi kadhaa. Hata hivyo kanuni ya elektrodi haijachakaa.

Mambo mawili yapaswa kushikwa. La kwanza ni kwamba kushindwa kwa Bagillt na kufaulu kwa Selby hakukutofautishwa na werevu wa watu, bali na vumbi walilokutana nalo na umeme waliokuwa nao. La pili ni kwamba uvumbuzi uliofungua njia haukutoka katika kitu kilichotengenezwa kwa kusudi hilo. Ulitoka katika vazi la pamba la waya wa kupitishia umeme, jambo ambalo mwangaza wa mchana ulilificha na giza la jioni likalifunua kwa mtu aliyekuwa bado yupo kazini.